Kengele Isiyo na Swichi

Mtu akinikuta mezani na pasi ya kuchomelea mkononi, swali lake la kwanza huwa ni nani kanifundisha, kana kwamba ufundi nimeuiba mahali. Alinifundisha baba. Alikuwa fundi wa simu za reli, na kazi ya reli ilipomwishia alirudi nyumbani na koleo zake, koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, na ulimi mkali. Koti lilibaki ukutani. Ulimi nikaurithi mimi.

Ufundi wenyewe aliufundisha kinyumenyume. Fundi mwingine angekuonyesha namna ya kuunda kitu. Baba aliniacha niunde redio ya kijinga ninavyojua, ikishaimba anachukua koleo na kung'oa kipande kimoja. Ikiendelea kuimba, kile kipande anakitupa kwenye kopo la maziwa na kunitazama. Anang'oa kingine. Nilikuwa naumia kama ananing'oa meno, maana kila kimoja nilikichomelea mwenyewe kwa vidole vilivyoungua. Mwishoni redio ilikuwa imebaki mifupa na bado inaimba. Hapo ndipo aliposema neno lake moja, ambalo alilisema mpaka anakufa: usichokiweka hakiharibiki.

Halikuwa neno la ubahili. Sisi watu wa pwani tunajua hewa yetu. Chumvi inakula mabati, inakula bawaba, inakula hata sindano iliyo ndani ya mkebe. Kila kipande unachoongeza kwenye saketi kina miguu, kila mguu umeshikwa na tone la risasi ya kuchomelea, na kila tone ni mahali pa kutu kuanzia. Vitu vinavyoletwa kwangu hapa Ngamiani vina ubao umejaa vipande kama mchele uliomwagika, taa za rangi tatu, vitufe vya kazi ambayo mwenyewe haijui, na kilichokufa ni kipande kimoja kisichohitajika. Kimekwenda na wenzake wote. Naapa sijapata kuletewa kitu kilichokufa kwa sababu kilikuwa chepesi mno.

Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi hapo kwa mama, na ukoo mzima ukaona mambo yamekaa vizuri: mama kapata wa kumwangalia, nami nimepata pa kukaa. Kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Dar es Salaam na ana kazi ya kuvaa tai, alinipongeza kwa simu. Shangazi yetu, dada yake baba, alikuja kutoka Muheza na machungwa kwenye kapu akaniombea dua. Sikujua kwamba nilikuwa naajiriwa.

Kisha kiharusi kikampiga mama. Alikuwa uani anachambua mchele, ungo ukamponyoka, naye akaufuata. Alipotoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na sauti imekwisha, imebaki pumzi. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole viwili vyenye uhai, cha shahada na cha kati, navyo havikuwa na nguvu hata ya kusukuma chungwa.

Mwanzoni nilishinda chumbani kwake. Wateja wakaanza kupita mlangoni bila kusimama, wanaona meza haina mtu. Nikirudi mezani, kila nikiwasha redio ya mtu kuijaribu moyo unanidunda, labda mama ananiita nami sisikii. Na kweli siku moja niliingia nikamkuta machozi yamemkaukia mashavuni. Alikuwa na kiu tangu asubuhi. Niliposema, "Mama, nisamehe," alifumba macho, na hapo nikajua kwamba nisipotengeneza kitu atakuja kuhamishwa. Kaka alikuwa ameshasema kwenye simu: "Ukishindwa sema, nimchukue." Mama alipolisikia hilo kichwa kilianza kutikisika juu ya mto. Nyumba ile aliingia bibi harusi. Watoto wake wamezaliwa kwenye chumba kile kile. Hakutaka kwenda popote.

Kengele ya mlango ya dukani haikufaa, maana kitufe kinataka kubonyezwa na vidole vyake havibonyezi. Ilitakiwa kengele ya kuguswa tu. Mwili wa mtu unapitisha umeme, mdogo mno, hata mwenyewe hujui. Ukiweka vipande viwili vya chuma karibu karibu na mtu akavigusa pamoja, umeme kiduchu unapita kwenye ngozi. Transista kazi yake ni kukikuza kidogo kama hicho. Nilijaribu kwa moja. Kwa kidole changu ililia. Kwa kidole cha mama ikanyamaza, maana ngozi ya mzee ni kavu na umeme unaona tabu kupita. Nikaweka ya pili nyuma ya ile ya kwanza, ya kwanza ikuze, ya pili ikuze kilichokuzwa, na pale pale kengele ikalia kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Kipande cha tatu kilikuwa rezista, na hicho nilitaka kuking'oa. Kazi yake ilikuwa moja: kama chuma kitagusa vile vipande viwili kwa pamoja, kizuie umeme usiunguze transista. Chuma gani? Bangili ya fedha ya mama, iliyokuwa inateleza kwenye mkono uliokonda mpaka inafika kwenye vidole. Nikamwambia, "Mama, tuivue bangili, niokoe kipande kimoja." Alinitazama jicho lile alilokuwa akinitazama nikipasua kikombe. Rezista ikabaki.

Vya kugusia nilikata vifungo viwili kwenye koti la baba. Nilivisugua kwa ndimu na majivu vikang'aa, nikavipigilia kwenye ubao wa kitanda, pale mkono wa kushoto unapolala. Masika yalipoingia kengele ikawa inalia yenyewe, kwa kuwa unyevu wenye chumvi ulitanda juu ya ubao na kufanya kazi ya kidole. Fundi mwingine angeongeza kipande cha kuutuliza. Mimi niliviweka vifungo mbali zaidi kidogo, basi. Transista mbili, rezista moja, betri, na kidude cha kulia nilichokitoa kwenye saa mbovu ya mezani. Swichi haikuwemo. Kengele isipoguswa haikuwa inakula betri hata chembe, sasa uizime ya nini?

Ililia kwa muda ule ule ambao kidole kimekaa. Mama hakuchukua siku nyingi akaifanya ulimi wake. Fupi moja, maji. Ndefu, nigeuze, naumia. Hizo nilimfundisha. Ya tatu aliitunga mwenyewe: mbili fupi na moja ndefu. Mara ya kwanza nilikwenda mbio nikauliza, maji? La. Unaumwa? La. Macho yakaenda kwenye kigoda kilichokuwa kando ya kitanda. Alitaka nikae. Nilikuwa nachukua redio niliyoifungua nakwenda nayo, naifanyia kazi mapajani, naye ananitazama. Siku nyingine nilimkaripia, "Mama na wewe, nina kazi za watu!" Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, na nilipofika tu mezani, kengele ikalia tena, mbili fupi na moja ndefu. Sijapata kuunda kitu kingine kilichonipa furaha kama kile.

Kaka alipokuja kumtazama alisimama mbele ya kitanda, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Ndiyo hii? Nyaya mbili na vifungo vya koti?"

"Na transista mbili," nikamjibu.

"Mdogo wangu, huyu ni mama. Kuna vitu vya maana madukani."

Nikamwambia aguse. Akagusa, ikalia, akashtuka akatoa mkono. Mama akacheka. Nadhani hilo hakulisahau, maana kaka yangu hajapata kupenda kuchekwa.

Ni yeye aliyetaka asomewe mama kisomo, na sikukataa, ningekataaje? Wakaitwa watu. Chumba changu cha mbele kikafagiliwa, meza ikasukumwa pembeni, mikeka ikatandikwa mpaka ukumbini, wanaume wakakaa wakaanza Yasini. Kengele ilikuwa imening'inia ukutani juu ya vichwa vyao. Wanawake tulikuwa uani kwenye masufuria ya pilau. Shangazi alikaa chumbani na mgonjwa.

Sasa, Yasini husomewa mgonjwa, na husomewa mtu anayekata roho. Mama alikuwa amelala hawezi kuuliza, anasikia nyumba imejaa sauti za wanaume wanaisoma. Hakuna aliyemweleza, hata mimi. Kengele ikalia. Mbili fupi, moja ndefu. Nikaweka mwiko chini. Ikalia tena, mbili fupi, halafu ile ndefu ikakatika katikati. Shangazi akatoa kichwa mlangoni akaniashiria, tulia, niko naye. Nikarudi jikoni. Nilijua kidole kikiondoka sauti inakatika, na kwangu hiyo ilikuwa maana yake: katulia.

Baada ya dua kikapakuliwa chakula. Shangazi alitoka kula na wenzake. "Mwacheni apumzike," alisema, "akitaka kitu si kengele ipo?" Sote tulikubali kengele ipo. Tukala. Shangazi ndiye aliyerudi chumbani na kisahani cha wali mlaini, akapiga ukelele nilioujua maana yake kabla sijainuka.

Mama alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, mguu umekaa upande ambao mguu haukai. Bangili ilikuwa imepinda. Wakati wanaume wanamwinua mimi nilinyoosha mkono nikagusa vifungo vya baba. Kimya. Nikavigusa kwa mikono yote miwili, nikavifuta kwa kanga, nikagusa tena. Kimya kabisa.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika. Kaka alikuwa amevua kanzu yake kwa haraka akavaa suruali ili amsindikize, na kwenye benchi la kusubiria nilimsikia anawaeleza watu, kwa upole, kwamba kile kidude cha dada kimegoma. Niliona haya hata ya kuinua uso.

Kesho yake asubuhi nikakusanya nguo za kufua. Kanzu ya kaka ilikuwa nzito upande mmoja. Nikatia mkono mfukoni nikatoka na betri nne.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale uani, povu likanikaukia mikononi. Mama alikuwa amegusa. Amegusa kwa kuogopa, kisha amegusa kwa haja, pengine amegusa mpaka vidole vikachoka, na mimi nilikuwa hatua chache nyuma ya ukuta nasifia pilau. Alipoona sijibu alijaribu kunifuata mwenyewe.

Wakubwa wa ukoo walipokutana kuamua la kufanya, niliziweka zile betri juu ya mkeka, katikati. Kaka hakukana. Nampa haki yake, si mwongo.

"Nilizitoa mimi," alisema. "Watu wako katikati ya Yasini, kitu kinalia mbi, mbi, kama dukani. Nilifanya kwa heshima ya Kitabu. Nikasahau kuzirudisha. Kingekuwa na swichi ningezima tu na kila mtu angeona kimezimwa."

"Kwa hiyo kosa ni la swichi isiyokuwepo?"

"Sikusema kosa la nani. Nasema ajali."

"Mama alikuwa anaita, kaka!"

Shangazi akaingilia. "We mtoto, we! Ulitaka kipige kelele juu ya maneno ya Mungu? Kaka yako kakosa nini? Mche Mola wako."

Na hapo ikawa imekwisha. Nani angesimama mbele ya wazee wale aseme Kitabu kilikuwa kisubiri? Nami sikuwa nasema hivyo. Nilikuwa nasema kwamba mtu angeweza kuinuka, akatembea hatua tano, akamwangalia mama yake. Ilikuwa rahisi zaidi kung'oa betri. Wakaafikiana kwamba mimi nimechoka, kwamba nyumba ya zamani haifai kwa mgonjwa wa nyonga, na kwamba Dar kuna madaktari. Mama alitikisa kichwa juu ya mto mpaka kitambaa kikamvuka. Kaka akasema, "Mnaona anavyoteseka?"

Siku ya safari niliing'oa kengele, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vifungo na betri mpya, nikakaza fundo. "Kaka, hiki kitundike popote, vifungo viwe kushoto kwake." Akasema inshallah. Kuna inshallah ya kumtegemea Mungu na kuna inshallah ya kufungia mazungumzo, na sisi wa pwani tunazijua zote mbili kwa sauti tu.

Dar alinunua kengele ya dukani isiyo na waya. Niliiona kwenye simu alipoonyesha: nyeupe, kubwa, ina taa na nyimbo za kuchagua, kitufe chake kimevishwa mama shingoni kama kitambulisho cha kazini.

"Anaweza kukibonyeza?" nikauliza.

"Hajabonyeza hata mara moja," kaka akasema kwa furaha. "Hana shida, mama. Ametulia. Huku hapigi hata kelele."

Niliomba niende nikakae naye. Akasema nyumba ni ndogo, dada wa kazi yupo, kwa nini nisipumzike? Shangazi naye akasema nipumzike. Nikawa napumzika. Nilikaa mezani pangu na redio za watu, chumba cha mama kimefungwa, nikaelewa kwamba kaka amejifunza ufundi wa baba bila kufundishwa. Ameng'oa kipande, ametega sikio, na kwa jinsi anavyosikia yeye hakuna kilichoharibika. Nilimchukia. Sisemi nilimkasirikia, watu wa mama mmoja hukasirikiana kila siku. Nilimchukia, na nikiswali namwombea, na bado.

Mama alirudi Ngamiani ameshafungwa sanda.

Baada ya maziko tulikaa ndani wanawake, na wanaume wakawa chumba cha mbele wanasoma hitima. Pamoja na wa Dar alikuja yule dada wa kazi, binti wa Kisambaa mwenye adabu, aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Alinishika mikono akalia kweli, na kati ya watu wote wa nyumba ile ndiye niliyeweza kumtazama. Shangazi akamtaka awasimulie wenzake jinsi marehemu alivyokwisha.

"Alikwisha vizuri, bibi," binti akasema. "Tangu alipofika vidole vyake havikutulia, hivi viwili vya kushoto. Anagusagusa ubao wa kitanda. Kutwa. Tulijua anavuta tasbihi. Bwana alikuwa analeta hata wageni wamwone, anasema, tazameni mama, hajaacha kumdhukuru Mola. Mpaka siku ile ya mwisho alikuwa anagusa."

Wanawake wakasema mashaallah. Shangazi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema huo ndio mwisho kila Mwislamu anauomba.

"Tangu lini mtu akavuta tasbihi kwa mkono wa kushoto?" nikauliza.

"Wa kulia si ulikufa?" Shangazi akajibu. "Mungu anajua udhuru wa mja wake."

Binti akakumbuka kitu. Akafungua mkoba wake akatoa mfuko wa nailoni. "Dada, hiki kilikuwa kabatini na nguo zake. Sijui ni cha nini, nikaona nikirudishe."

Fundo lilikuwa langu, vile vile nilivyolikaza. Nililifungua kwa meno. Vifungo vya baba vilikuwa vimeanza kupata ukijani, nikavisugua kwenye kanga yangu, nikatia betri, nikaviweka juu ya sakafu mbele ya yule binti. Nikamwomba aweke vidole vyake pale, afanye kama mama alivyokuwa akifanya.

Alisita, akawatazama wakubwa, kisha akaweka vidole viwili. Kengele ikalia mapajani mwangu. Mbili fupi, na moja ndefu.

Shangazi aliijua. Alikaa nyumba ile wiki nzima ya kisomo na aliisikia ikiniita. Niliona uso wake ukibadilika, akainamisha kichwa. Nikamwambia binti arudie, akarudia. Chumba cha mbele usomaji ukayumba, kisha nyayo zikaja ukumbini, na kaka akasimama nyuma ya pazia.

"Zimeni hicho kitu," alisema. "Watu wanasoma."

"Hakina swichi," nikamwambia. Nikamwashiria binti aendelee kugusa.